Jina la dawa lisiwe fumbo kwa mgonjwa

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kumwelekezea mgonjwa anayeona haya kueleza yanayomsibu. Ni nadra kujiuliza iwapo mtoa dawa naye hafichi jambo, hata kama hakukusudia. Mgonjwa akishajieleza, akapimwa na kuandikiwa dawa, hurejea nyumbani na vidonge ndani ya bahasha ya kaki. Juu ya bahasha pana tarakimu mbili tatu na herufi zilizoandikwa mbio mbio. Jina la dawa ama halimo kabisa, ama limefupishwa hata likawa kitendawili. Maradhi yamefichuliwa, lakini tiba sasa ndiyo iliyofichwa.

Kwa miaka mingi sisi tunaofundisha lugha tumekipigania Kiswahili bungeni, mahakamani na katika mitihani. Ni vita vya haki, nami sivibezi. Lakini leo naomba niwapeleke wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao, mahali padogo mno, pasipozidi upana wa kiganja. Nazungumzia uso wa bahasha ya dawa. Hapo ndipo lugha inapoweza kuamua kama mtu atapata nafuu au atazidiwa.

Laini Saba ni kimoja cha vijiji vinavyounda mtaa wa Kibera jijini Nairobi. Jina Kibera latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu, kwani Wanubi waliotumikia jeshi la wakoloni ndio waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Kuhusu Laini Saba, wenyeji husimulia kuwa jina hilo ni kumbukumbu ya mistari ya shabaha ambapo askari hao walijifunza kulenga bunduki. Leo hapana msitu wala shabaha. Pana mabati, vichochoro, makanisa, misikiti, shule, na maduka ya dawa ambayo watu huyaita kemisti. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta haiko mbali, na ile ya Mbagathi i karibu. Huwezi basi kusema kuwa watu wa Laini Saba wanaishi nyikani ambako dawa hazifiki. Dawa zafika, ila maelezo yake hubaki njiani.

Nimekuwa nikienda Laini Saba mara kwa mara kurekodi mazungumzo ya vijana kwa ajili ya utafiti wangu wa isimu. Mwishoni mwa likizo moja, mama mmoja mchuuzi wa mboga ambaye nyumba yake huwa tunaitumia kwa mahojiano alinijia na mkebe wa maziwa ya unga mkononi.

"Daktari," akasema, "hebu nitazamie dawa za huyu kijana. Shuleni wamesema hawazipokei mpaka ziwe na majina."

Nilimweleza kwa taadhima kuwa udaktari wangu ni wa maneno wala si wa miili.

"Kwani daktari si daktari?" akaniuliza.

Swali hilo lilistahili jibu. Kiswahili kimetupa tabibu na mganga, lakini neno daktari tumelibebesha mizigo miwili, wa anayetibu na wa aliyeandika tasnifu. Mtu asiyekuwa mwangalifu aweza kuupokea mkebe, akavivalia vidonge miwani na kutoa hukumu, kwa kuwa tu ameitwa kwa cheo hicho. Nami nilimwambia mama huyo kwamba niliyoweza kumsaidia ni kusoma yaliyoandikwa, kama yapo. Hayakuwapo.

Ndani ya mkebe mlikuwa na vidonge vya aina mbili, vyote vya manjano. Vingine vilikuwa vikubwa, rangi yake ikielekea hudhurungi. Vingine vidogo, manjano yake ikiwa imepauka. Mvua ilikuwa imepenya paa, bahasha zikaloa na kuraruka, naye mama akavikausha vidonge na kuvitia pamoja. Jirani mmoja alisema hizo ni vitamini. Mwingine akasema ni dawa ya amiba. Kijana wa duka la dawa alivigeuzageuza kiganjani, akataja dawa tatu ambazo huenda zikawa ndizo, kisha akakataa kuapa. Nampa heko kijana huyo, maana kutokujua kwake kulikuwa na heshima kuliko kujua kwa majirani.

Mwenye dawa alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akihara damu. Alitibiwa amiba, akatibiwa homa ya matumbo, akarudiwa na amiba, hata hospitali moja ilipomwingiza kamera utumboni ndipo maradhi yake yalipopata jina. Alipoanza dawa, damu ilikatika na uzito ukarudi. Sasa damu ilikuwa imeanza tena, na sababu yake ilikuwa ndani ya ule mkebe. Kijana alikuwa akilalamika kuwa vidonge vikubwa vyamkwama kooni. Mama, akiona kuwa rangi ni moja, akaamua kwamba vile vidogo ni dawa hiyo hiyo iliyopunguzwa ukubwa, akawa anampa vidogo peke yake. Hakuwa mzembe. Alisoma alama pekee aliyoachiwa, nayo ni rangi.

Ushauri wangu ulikuwa mfupi: wachukue mkebe pamoja na kadi ya kliniki, warudi hospitalini, wamtafute mfamasia. Siku ya pili walikwenda. Mfamasia alifungua faili, akalinganisha, akaandika majina mawili kwa herufi kubwa. Kile kikubwa kilikuwa sulfasalazini, ndiyo dawa ya maradhi yenyewe. Kile kidogo kilikuwa asidi foliki, ambayo hutolewa kwa kuwa sulfasalazini huuzuia mwili kuipata vitamini hiyo vizuri. Kwa hiyo kijana alikuwa akimeza msaidizi na kumwacha bwana mkubwa mkebeni.

Maradhi haya ni yapi? Kuna jamii ya magonjwa ambamo kinga ya mwili huchochea uvimbe ndani ya utumbo pasipo kuwako mdudu wa kuambukiza. Makuu ni mawili. La kwanza ni kolitisi ya vidonda, ambayo hushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana. La pili ni ugonjwa wa Crohn, ulioitwa kwa jina la Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake Ginzburg na Oppenheimer aliueleza mwaka 1932. Huu waweza kuishika sehemu yoyote ya njia ya chakula. Magonjwa yote mawili hukaa na mtu kwa miaka, yakitulia na kuchachamaa. Dawa huyatuliza, na anayeziacha kwa kuwa amepata nafuu hujiweka katika hatari ya kurudiwa.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1960, alipata sifa pia kwa kueleza kuwa magonjwa mengi ya utumbo mpana yaliyozagaa katika nchi tajiri yalikuwa adimu vijijini Afrika, akahusisha jambo hilo na chakula chenye makapi mengi. Tangu hapo vyakula vyetu vimebadilika, na miji yetu imekua. Hata hivyo, anayehara damu Kibera hudhaniwa kwanza kuwa na amiba. Wakati mwingine dhana hiyo ni sahihi. Isipokuwa sahihi, mgonjwa huzungushwa miezi na miaka.

Lugha nayo yachangia mzunguko huo. Tofauti ya tumbo na utumbo ni irabu moja tu, lakini ni tofauti ya ogani mbili. Mgonjwa anapoambiwa ana vidonda vya utumbo mpana, sikio lake hunasa "vidonda vya tumbo", maneno aliyoyazoea kwa vidonda vya mfuko wa chakula. Atarudi nyumbani, aache maharagwe na pilipili, anunue dawa ya kupoza asidi, na aamini anatii amri ya daktari. Walimu wa ngeli, hapa ndipo kiambishi kinapogusa uhai.

Nirudi kwenye jina la dawa. Kila dawa ina majina matatu. Lipo la kikemia, refu, ambalo halimhusu mgonjwa. Lipo la kawaida, linalotambulika ulimwenguni kote. Na lipo la kibiashara, ambalo kila kampuni hujibunia. Sulfasalazini ni jina la kawaida. Salazopyrin ni la kibiashara. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuyasanifu majina ya kawaida mwaka 1950, na mpango huo ukaanza kufanya kazi mwaka 1953. Nia yake ilikuwa kwamba mgonjwa akitoka Mombasa kwenda Maskati au Toronto, jina la dawa yake limtangulie na lieleweke.

Mpango huo una sarufi ambayo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili ataielewa bila taabu. Kama tunavyotambua kwa kiambishi kuwa mtu, mkulima na mwalimu ni wa ngeli moja, ndivyo dawa zinazoishia na -silini zilivyo za ukoo wa penisilini. Litazame jina sulfasalazini. Sulfa yaonyesha ukoo wa salfa. Sal yaonyesha asidi salisiliki, na mzizi huo watokana na salix, jina la Kilatini la mti ambao gome lake lilitumika tangu kale kutuliza maumivu. Mjaluo hatashangaa, kwani katika lugha yake yath ni mti na yath ni dawa. Mkamba naye hutumia neno miti kwa maana hizo zote mbili.

Ndani ya jina hilo pia mna historia. Nanna Svartz, tabibu wa Uswidi aliyekuwa profesa katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm tangu mwaka 1937, alitaka dawa ya baridi yabisi ya viungo. Alidhani chanzo chake ni vijidudu, basi akaomba kampuni ya Pharmacia imuunganishie dawa ya salfa, ambayo huua vijidudu, na dawa ya ukoo wa salisiliki, ambayo hutuliza uvimbe. Katika miaka ya 1940 ilibainika kuwa mchanganyiko huo uliwafaa hasa wagonjwa wa kolitisi ya vidonda. Mwaka 1977, Azad Khan, Piris na Truelove, waliokuwa Oxford, walionyesha kuwa, bakteria wa utumbo mpana wanapoikata dawa hiyo vipande viwili, kipande cha ukoo wa salisiliki ndicho kinachotibu utumbo. Kile cha salfa ni kama mchukuzi afikishaye mzigo, na ndicho kinacholeta madhara mengi.

Kipande kinachotibu kikatengwa na kuwa dawa ya peke yake, mesalazini. Kwa kuwa hakina tena mchukuzi, watengenezaji wengi hukivisha ganda ambalo halivunjiki tumboni ila mbele zaidi, utumboni. Waona basi kwa nini maneno "usitafune, usivunje" si adabu ya kumeza tu. Anayeliponda ganda hilo ili dawa imwelee laini huitapanya kabla ya kufika inakotakiwa. Na hata wakubwa wa kusanifu majina hawakuelewana, maana dawa inayoitwa mesalazini kwingi duniani, Marekani huitwa mesalamini. Mkenya aliye Chicago akitumiwa kifurushi kutoka nyumbani aweza kudhani ana dawa mbili, akazimeza zote.

Jina la sulfasalazini ni onyo pia. Septrin, inayotumiwa na wengi hapa kwetu, ina salfa. Fansidar tuliyokuwa tukimeza kwa malaria nayo ilikuwa na salfa. Aliyewahi kuvimba au kubabuka ngozi kwa dawa hizo yampasa amwambie daktari kabla ya kupewa sulfasalazini. Pia dawa hii huweza kuugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, jambo lisilo na dhara lakini la kutisha kwa asiyeelezwa. Huweza kupunguza mbegu za uzazi za mwanamume kwa muda, hali ambayo hurekebika dawa ikiachwa kwa ushauri wa daktari. Kidonge cha manjano kisicho na jina hakimwonyi mtu lolote kati ya haya.

Je, haiwezekani kukitambua kidonge kwa sura? Marekani ilitunga kanuni mwaka 1993 inayotaka vidonge na kapsuli vichapwe alama itakayomtambulisha mtengenezaji na dawa yenyewe. Kwa alama hizo mfamasia hufungua orodha na kukitambua kidonge kilichookotwa sakafuni. Ni msaada mkubwa, hasa mtoto akimeza asichojulikana. Lakini rangi na umbo pekee si ushahidi. Dawa moja yaweza kutengenezwa na kampuni kumi kwa rangi kumi, na rangi moja yaweza kuvaliwa na dawa mia. Vidonge vidogo vyeupe havina idadi, na miongoni mwake mna prednisoloni, ambayo pia hutumiwa kwa maradhi haya ya utumbo na ambayo aliyeitumia kwa muda mrefu haruhusiwi kuikatiza ghafla. Asiyeijua jina atajuaje kuwa hana ruhusa ya kuiacha?

Baada ya jina kuna kipimo, na hapo tumerithi mafumbo ya mataifa matatu. Kuna Kilatini kilichofupishwa, kama vile "tds", ambacho waandikaji wengine hawakumbuki kirefu chake. Kuna hesabu, "1x3", ambayo mtoto wa darasa la nne aliyefunzwa vyema na mwalimu wake atakwambia jibu lake ni tatu. Na mzazi wake akivimeza vyote vitatu kwa pamoja, tutamlaumu nani? Kisha kuna Kiswahili chetu cha zahanati, "kutwa mara tatu". Kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuzama. Dawa ya mara nne, ambayo dozi yake ya mwisho ni usiku, haitoshei ndani ya kutwa.

Hata saa zetu zina mtego. Mgonjwa akiambiwa ameze "kila saa sita", aweza kuelewa kuwa kila ifikapo saa sita, adhuhuri na usiku wa manane, anywe dawa. Hapo mara nne zimekuwa mbili. Kusema "kila baada ya saa sita" huondoa utata kwa maneno mawili tu. Na bora zaidi ni kutaja nyakati zenyewe: asubuhi, adhuhuri, jioni, na wakati wa kulala.

Wapo watakaosema kuwa foleni ni ndefu, wafamasia ni wachache, na istilahi za tiba hazitafsiriki. Hoja mbili za kwanza ni za kweli, nami nawahurumia wahudumu wanaosimama tangu alfajiri. Lakini kuandika jina zima la dawa ni kazi ya nukta chache, na mhuri wenye maneno ya Kiswahili huchongwa mara moja ukatumika miaka. Hoja ya tatu siikubali. Hakuna anayetaka jina litafsiriwe. Sulfasalazini ibaki sulfasalazini Kibera na Stockholm. Kinachotakiwa kuwa katika lugha ya mgonjwa ni kazi ya dawa na namna ya kuitumia, na kwa hayo Kiswahili hakina upungufu. Watanzania wamekuwa wakiwaeleza wagonjwa wao kwa Kiswahili siku zote, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990.

Sheria nayo haiko kinyume nasi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, na katika kifungu cha 46 ikampa mtumiaji haki ya kupata habari zitakazomwezesha kufaidi bidhaa aliyoinunua. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikaongeza kwamba mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Maneno "inapowezekana" ni mlango wenye upana wa kutosha kupitishia udhuru. Lakini kwa bahasha ya dawa jijini Nairobi, sioni kisichowezekana.

Tusiwaachie wafamasia kazi yote. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mada ya uandishi wa kiuamilifu awape wanafunzi kazi ya kutunga lebo ya dawa kwa maneno yasiyozidi ishirini, isiyoweza kueleweka vibaya na nyanya yao. Watagundua kuwa ni mtihani mgumu kuliko insha. Mwalimu wa zamu katika shule za bweni awe na daftari la dawa za wanafunzi, lenye jina la kawaida la kila dawa, kipimo chake na kliniki ilikotoka. Na asimnyang'anye mwanafunzi dawa isiyo na jina kabla ya kumpigia simu mzazi na kliniki, maana kumkatizia matibabu nako ni hatari.

Nanyi wanafunzi mnaojua kusoma katika nyumba ambazo wazazi hawakubahatika, mna wajibu. Bahasha ikiletwa nyumbani, nakilini jina la dawa katika daftari siku hiyo hiyo. Likiwa halimo, mrudi dirishani mkaliulize. Kila dawa ikae katika chombo chake. Anayekwenda kliniki achukue vidonge pamoja na pakiti zake. Na mkikuta kidonge msichokijua, msikubali kuambiwa jina lake na jirani kwa kutazama rangi. Mpelekeeni mfamasia pamoja na kadi ya mgonjwa.

Kuuliza si utovu wa adabu. Mgonjwa anayesema, "Samahani, dawa hii yaitwaje, na yafanya kazi gani?" hamdharau mtu, anadai kilicho chake kama anavyodai chenji dukani. Naye aliye upande wa pili wa dirisha, amjibu kwa lugha ambayo mgonjwa ataweza kuifikisha nyumbani.